Maziwa ya mama "ni ya bure": naomba hesabu yake

Msaka_Hesabu:
Wakuu, habari za muda huu. Kila kliniki tunaambiwa maziwa ya mama ni ya bure. Naomba hesabu, siyo mawaidha. Kwa miezi 6 ya mwanzo, mtoto wa maziwa ya kopo anamaliza makopo mangapi, na anayenyonyesha anagharamia nini? La pili: mama akirudi kazini mtoto ana miezi 3, afanyeje maziwa yasikauke?

Kopo_na_Mizani:
Mkuu, mtoto wa mwezi 1 hadi 6 hunywa wastani wa mililita 750 kwa siku. Unga ukipimwa sawasawa, kila mililita 100 hula gramu 13 hivi. Hiyo ni karibu gramu 100 kwa siku, kwa hiyo kopo la gramu 400 linakata siku 4. Miezi 6 ni kilo 17 hadi 20, yaani makopo 43 hadi 50. Zidisha mwenyewe kwa bei ya dukani kwako.

Weka na gharama ya moto wa kuchemshia maji. Ule unga hauna uhakika wa kutokuwa na vijidudu, ndiyo maana unakorogwa kwa maji yaliyochemka ambayo bado yana nyuzi 70 au zaidi, kisha unapoozwa. Na mahali watu wanapoharibu zaidi ni kopo likikaribia kuisha: wanapunguza unga, wanaongeza maji. Tumbo linajaa, mtoto ananyamaza, lakini uzito kliniki hausogei.

Kunyonyesha nako siyo bure kabisa. Mama anahitaji kama kalori 500 za ziada kwa siku. Halafu muda: mara 8 hadi 12 kwa siku, kila mara dakika 20, ni saa 3 au 4. Ni bure kwa yule tu asiyehesabu muda wa mama.

Zamu_ya_Usiku:
Hesabu ya mwenzangu imeacha upande wa matibabu. Mtoto asiyenyonyeshwa huugua zaidi kuhara, nimonia na masikio. Mama naye, akinyonyesha ndani ya saa 1 ya kujifungua, mji wa mimba hujikaza na damu hupungua. Uchambuzi wa mwaka 2002 uliokusanya tafiti za nchi 30 ulionyesha kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 4 na ushei.

Kuhusu kazini: titi hutengeneza kadiri linavyotolewa. Likikaa limejaa, mwili unapunguza uzalishaji. Kwa hiyo akamue kila baada ya saa 3 akiwa kazini, na usiku anyonyeshe kama kawaida. Usiku homoni ya kutengeneza maziwa huwa juu. Aanze kuweka akiba wiki 2 kabla.

Kukamua kwa mkono: anawe, akande titi taratibu. Kidole gumba juu, cha shahada chini, sentimita 2 hadi 3 nyuma ya chuchu. Asukume kuelekea kifuani kwanza, ndipo abane, kisha aachie. Asiteleze vidole juu ya ngozi, wala asivute chuchu. Hapo ndipo wengi wanaumia na hawapati kitu. Dakika ya kwanza yanaweza yasitoke, asikate tamaa. Azungushe vidole pande zote, abadilishe titi, jumla dakika 20 hadi 30.

Msaka_Hesabu:
Shukrani sana. Anayebaki na mtoto aachiwe kiasi gani, na yanakaa muda gani?

Zamu_ya_Usiku:
Mililita 750 za siku gawanya kwa milo 8, kama mililita 90 kwa mlo. Gawa kwenye vyombo vya mililita 60 hadi 90 ili yasimwagwe, maana yaliyobaki kikombeni baada ya mtoto kunywa yatumike ndani ya saa 2, zaidi ya hapo yamwagwe.

Nje ya friji, joto lisizidi nyuzi 25, yanakaa hadi saa 4. Ndani ya friji siku 4, yawekwe nyuma kabisa, siyo mlangoni. Yaliyogandishwa hadi miezi 6. Yakishayeyuka yatumike ndani ya saa 24, yasigandishwe tena. Andika tarehe, tumia ya zamani kwanza.

Yakijitenga, mafuta juu na majimaji chini, hayajaharibika. Zungusha chombo taratibu. Pasha kwa kukiweka kwenye bakuli la maji ya moto, siyo jikoni moja kwa moja.

Kopo_na_Mizani:
Naongeza: kikombe kidogo ni bora kuliko chupa, kinasafishika. Mtoto akae wima, ukingo uguse mdomo wa chini, mwenyewe alambe. Usimmiminie, atapaliwa. Na kabla ya kusema "hayatoshi", hesabu mikojo: 6 au zaidi kwa siku, na uzito unapanda, basi yanatosha.