Naambiwa nijaze faili la marehemu. Niandike nini?

Nesi wa Zamu: Shikamooni wakubwa. Niko wodi ya saratani. Juzi usiku mama mmoja alifariki. Mbali na dozi zake za kila saa nne, nilimpa morfini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, mara mbili zaidi, nikamgeuza, nikamlowesha midomo, nikakaa na binti yake. Kwenye faili nimeandika mstari mmoja: "Amelala, dawa amepewa." Sasa ndugu wanasema aliachwa na maumivu, na mkubwa wangu anataka nijaze saa za usiku ule. Nifanyeje?

Mama Wodi: Marahaba. Usithubutu kurudisha saa nyuma. Weka tarehe na saa ya leo, anza na "imeandikwa kwa kuchelewa", kisha eleza unachokumbuka kweli. Usifute kitu. Ule mstari wako uache hapo hapo na aibu yake. Halafu fungua rejista ya morfini, lile daftari la kila dozi inayotolewa, maana ndiko watakakoangalia kwanza.

Tiba Shufaa: Andika miligramu, si mililita peke yake. Morfini ya maji huchanganywa kwa nguvu tofauti: mililita 5 za chupa moja ni mg 5, za nyingine mg 50. Siku nyingine iwe hivi: "02:10, maumivu 8/10, asema mgongo unawaka. Morfini mg 5 kwa mdomo. 03:10, maumivu 3/10, anapumua mara 16 kwa dakika." Huo mstari wa saa moja baadaye ndio tunaouruka wote, mimi nikiwemo.

Nesi wa Zamu: Kuanzia saa sita usiku hakuwa anaongea.

Tiba Shufaa: Basi andika ulichokiona: alikunja uso? Aliguna akigeuzwa? "Amelala" ni usingizi au hazinduki?

Binti wa Marehemu Mwingine: Mimi si nesi. Baba alipokuwa anaondoka, kila zamu ilituuliza upya kama tunajua hali yake. Tafadhali andikeni nani kaambiwa nini.

Nesi wa Zamu: Nimeandika leo 10:15. Ila kwenye rejista dozi moja ya ziada ipo, 01:40. Ya pili haimo.

Mama Wodi: Hiyo usiijaze peke yako, mwanangu. Mwite mkubwa wako na mfamasia, pimeni chupa kwa pamoja, muandike pengo mlilolikuta, wote mtie sahihi. Leo hii, kabla zamu haijabadilishana.