Mtambo wa gumegume ya nkambo umechoka, nitengeneze ao nibadilishe wote?

MutotoWaKatuba
Jambo yenu bakubwa. Niko Lubumbashi hapa, nko na gumegume ya nkambo, ile bunduki ya zamani ya kuwashwa na jiwe, ilitoka upande wa Bunkeya. Ukifyatua inatoa cheche moja ao hata moja hapana, na tena nikivuta nyundo na kuiacha kwenye nusu, mbele ya kufika mwisho, saa zingine inaanguka yenyewe. Nataka paka ikae ukutani ikiwa nzima. Mutu mumoja ananiambia nitupe mtambo wote, vile vyuma vya kufyatulia, niagize mupya Marekani. Munaonaje?

Fundi_Tupa
Ndugu, mbele ya kugusa kitu ingiza mdeki, ile fimbo ya kushindilia baruti, ndani ya mtutu mpaka mwisho, weka alama pale mdomoni, kisha toa upime kwa inje. Kama haifike karibu na tundu la moto, basi mule ndani kuko kitu, hizi bunduki zinarithiwaga na baruti yake.

Sasa cheche. Batu banazani moto unatoka kwa jiwe, hapana, jiwe linakwangua vipande vidogo vya chuma kwenye kile kibamba cha mbele, na hivyo vipande njo vinawaka na kuangukia kisahani cha baruti. Mara mingi kibamba kinakuwaga kigumu juu tu, chini yake chuma laini. Kijaribu na tupa. Ikiteleza, ugumu uko, badilisha jiwe ao uligeuze. Ikikamata na kula, ugumu umeisha, na hapo utakipika tena ndani ya kikopo cha chuma pamoja na unga wa makaa na mifupa halafu kukizima kwenye maji, ao utakipiga soli, ni kusema kukibandika bamba ya chuma kigumu (pua) kutoka msumeno wa zamani. Miye napendaga soli.

YayaForje
Mbona munakimbilia cheche? Nyundo kuanguka kwenye nusu njo hatari. Kipande cha ndani kiko na mapengo mawili, la nusu na la kamili, na lile la nusu ni la ndani sana kusudi hata ukivuta kifyatulio isitoke. Fungua kwanza, safisha, mafuta ya zamani yanagandaga na resori (kamani) ndogo inashindwa kusukuma. Kama ni mudomo wa pengo umevunjika, usichonge na tupa kwa macho. Unajaza kwa kuchomelea, unakata upya, unakaza kwa moto.

Mwalimu_Kampemba
Angalia kwenye mtutu kama kuko ELG ndani ya duara refu, hiyo ni alama ya Liège, Ubelgiji. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikataza kuleta huku bunduki za kisasa lakini gumegume za mtutu laini ziliruhusiwa, kwa hiyo yako inaweza kuwa kijana kuliko sura yake, hata ya nyuma ya Msiri, mfalme wa Bunkeya, ye alikufa 1891. Mtambo wa Marekani hautaingia hivi hivi, hizi zilipachikwa kwa mukono moja moja, matundu ya visi (skurubu) hayatalingana na utaishia kuchonga mbao ya kitako. Na karatasi za silaha utafute, sheria ya 1985 iko.

MutotoWaKatuba
Mdeki inafika mwisho, asanteni. ELG iko. Tupa inakula. Fundi, huo msumeno ni wa mbao ao wa chuma?

Fundi_Tupa
Wa mbao, ule mpana wa mukono. Uukate, uukaze, njo uugandishe kwa bati ya moto mdogo, ukizidisha moto ugumu unatoka tena. Lakini msikilize Yaya, anza na pengo.