Kiungo wa madaraja ya chini Uingereza, timu tisa: kafeli au kafaulu?

Kocha_Kizota

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha vijana wa chini ya miaka 20 hapa Kizota, Dodoma. Viungo wangu wawili wanabishana kuhusu Antoni Sarcevic, kiungo mzaliwa wa Manchester, 1992. Mmoja anasema mtu aliyezunguka timu tisa bila kugusa Ligi Kuu ya Uingereza ni mchezaji wa kawaida tu, kila timu inamchoka. Mwenzake anasema hapana, angalia timu zinapanda daraja akiwemo.

Naomba wanaoyajua madaraja yale mnisaidie: rekodi ya kiungo wa kule inasomwaje? Kwa nini wanahama hivyo? Na kuna nini cha kuwafundisha vijana wetu ambao hawana nyasi kama zile?

Mchambuzi_AreaC

Kocha, tuanze na ngazi, maana hapo ndipo wengi hupotea. Ligi Kuu ina timu 20. Chini yake kuna Championship, League One na League Two, kila moja ina timu 24, na hizo 72 ndizo ziko chini ya EFL, chombo kinachoendesha madaraja hayo matatu. Kisha inafuata National League, nayo ina timu 24, na chini yake inagawanyika kaskazini na kusini. Kwa hiyo "League One" ni daraja la tatu, na National League ni la tano. Kijana asiyelijua hilo akiona mtu katoka "One" kwenda "National" anadhani amepandishwa cheo.

Sasa mpangilio wa Sarcevic, tukianzia chini kabisa: Woodley Sports, Crewe, Chester, Fleetwood, Shrewsbury, Plymouth, Bolton, Stockport, Bradford City. Weka pembeni yake miaka ya kupanda daraja. Chester 2013. Fleetwood 2014. Plymouth mara mbili, 2017 na 2020. Bolton 2021. Stockport 2022 na 2024. Bradford 2025. Zimeachwa Shrewsbury, Crewe na kule alikoanzia. Huyo kijana wako wa pili ameona sawa.

Kipande cha kuwaonyesha vijana ni cha Novemba 2021. Alitoka Bolton, waliokuwa League One, akaenda Stockport, waliokuwa National League. Ngazi mbili chini. Ukiishia kusoma mstari huo utasema ameporomoka. Miezi sita baadaye Stockport ni mabingwa, wanarudi EFL, na 2024 wanachukua ubingwa wa League Two. Ona pia mwezi wenyewe: Novemba, madirisha ya usajili ya EFL yamefungwa. National League ina utaratibu wake wa usajili, klabu zake zinaweza kuandikisha mchezaji katikati ya msimu. Ndiyo maana viungo wengi wazoefu hushuka huko mwezi wa kumi au wa kumi na moja, badala ya kukaa benchi hadi Januari.

Daftari_la_Takwimu

Naongeza kuhusu namba za kwenye rekodi za wachezaji, kwa sababu jedwali linaficha mambo.

Majedwali mengi ya mitandaoni yanayoandika kitu kama 37 (6) yana maana ya mechi za ligi na mabao ya ligi peke yake. Kombe la FA, Kombe la Ligi, EFL Trophy na mechi za mchujo (playoff, za kutafuta nafasi ya mwisho ya kupanda) haziingii humo. Mfano ni huyohuyo Sarcevic. Mei 2014, fainali ya mchujo wa League Two pale Wembley, Fleetwood 1 Burton 0, bao ni lake, kwa mpira wa adhabu. Kwenye mabano ya ligi bao hilo halipo, ingawa ndilo lililowapeleka League One. Mei 2025, mechi ya 46 ya msimu, Bradford 1 Fleetwood 0, yeye tena, dakika ya 96, Bradford wanapanda. Hilo lipo kwenye mabano kwa sababu ilikuwa mechi ya kawaida ya ligi. Mabao mawili yenye uzito unaofanana, moja linahesabiwa na jingine halionekani. Na la pili kaifunga timu yake ya zamani.

Kosa jingine: aliyecheza dakika 90 na aliyeingia dakika ya 89 wote wanaandikiwa mechi moja. Tafuta rekodi inayotenganisha, kwa mfano 28+9, yaani alianza 28 na kutokea benchi 9. Kwa kiungo, ile namba ya kwanza ndiyo ya kutazama. Kocha akimwanzisha mechi zaidi ya 30 kati ya 46, huyo ni mhimili hata kama ana mabao mawili. Na ukiona mshale au neno mkopo mbele ya jina la klabu, mali bado ni ya klabu mama.

Mkopo wenyewe usomwe kwa umri. Miaka 19 kwenda League Two kwa mkopo ni shule. Eberechi Eze alikataliwa na akademi kadhaa, ikiwemo ya Arsenal, akachukuliwa na QPR, wakampeleka Wycombe, League Two, msimu wa 2017/18. Leo kila mtu anamjua. Dele Alli alianza MK Dons akiwa na miaka 16 na alikuwa kiungo wa League One Tottenham walipomnunua Februari 2015, wakamwacha hukohuko amalize msimu. Lakini mkopo wa pili na wa tatu kwa mtu wa miaka 26 kwa kawaida una maana kwamba kocha wake hana mpango naye.

Kocha_Kizota

Asanteni sana wakuu, hili la mabano sikulijua. Sasa kuhama kwenyewe. Ni tamaa ya pesa?

Mkataba_Kwanza

Mara nyingi ni tarehe, Kocha. Mikataba ya kule huisha 30 Juni. Kila Mei klabu hutoa orodha ya wanaobaki na wanaoachwa, na League Two kukata nusu ya kikosi ni jambo la kawaida. Mchezaji wa daraja la nne husaini mwaka mmoja au miwili, wakati mwingine na kipengele cha kuongezewa mwaka akifikisha idadi fulani ya mechi. Kipengele hicho kinakata kote kote: akikaribia namba ile na klabu haina fedha ya mwaka wa ziada, anaweza kujikuta benchi mwezi Machi akiwa mzima kabisa.

Umri nao una mstari wake. Aliye chini ya miaka 24, mkataba ukiisha na klabu ikawa imempa ofa nzuri ya kubaki, anayemchukua ndani ya Uingereza hulipa fidia ya malezi. Akifikisha 24 anaondoka bure. Ndiyo maana rekodi nyingi za viungo zinatulia hadi miaka 23 hivi, halafu zinaanza kuruka klabu kila baada ya miaka miwili. Hapo mtu amekuwa huru, na klabu ndogo hupenda mtu wa bure mwenye uzoefu.

Sababu ya tatu ni klabu yenyewe. Bury ilifukuzwa EFL 27 Agosti 2019, msimu umeshaanza. Wachezaji wake walilazimika kutafuta ajira kwingine msimu ukiendelea. Ukiona kwenye rekodi msimu wenye mechi sifuri au timu mpya mwezi Septemba, kwanza uliza klabu ile ilipatwa na nini ndipo umhukumu mchezaji.

Nyasi_Kavu

Na mwili, jamani. Ligi yetu ya timu 16 ni mechi 30. Kule ni 46, ongeza vikombe, Jumamosi na Jumanne. Msimu wa 2016/17 Plymouth na Carlisle walikuwa ligi moja: hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 600 kwenda tu, ndefu kuliko Dodoma hadi Dar es Salaam. Kiungo wa kukimbia boksi hadi boksi huanza kuvuta misuli ya nyuma ya paja mwezi Desemba, mechi zinapobanana.

Kadi pia. Njano 5 ndani ya mechi 19 za kwanza za ligi, anakosa mechi moja. Njano 10 hadi mechi ya 37, anakosa mbili. Zikifika 15, tatu. Kiungo mkabaji mwenye akili anajua amebakiza mechi ngapi kuvuka ile ya 19.

Binti_wa_Manyoni

Kocha, shikamoo. Swali: kuna njia ya kijana wa Dodoma kufika League Two moja kwa moja? Mdogo wangu ananiuliza kila siku.

Mkataba_Kwanza

Marahaba, ingawa mimi si Kocha, ngoja nimjibie hili. Njia ni nyembamba sana, dada. Chini ya miaka 18 haiwezekani: tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, klabu zake haziruhusiwi kusajili watoto kutoka nje. Akiwa mkubwa anahitaji kibali cha FA, chama cha soka cha kule, kwa mfumo wa pointi, kizingiti 15, zinazotokana na mechi za timu ya taifa, dakika za klabu na ubora wa ligi anayotoka. Tangu 2023 klabu za League One na League Two zina nafasi mbili kila moja za wasiofikisha pointi, na wanaozigombea ni dunia nzima.

Watanzania mnaowaona kule walikuwa na haki ya kuishi kule tangu awali. Haji Mnoga kazaliwa Portsmouth, akapita mikopo ya Gillingham na Aldershot kabla ya Salford City. Tarryn Allarakhia kazaliwa London, akacheza Crawley, Woking, Wealdstone, Rochdale. Mwambie mdogo wako alenge kwanza dakika za Ligi Kuu hapa, iwe Dodoma Jiji au Singida Black Stars.

Nyasi_Kavu

Kocha, lile swali la mazoezi halijajibiwa. Kiungo wa League Two analipwa kwa mipira ya pili. Mpira mrefu unakwenda kwa mshambuliaji, wanaruka wawili, unadondoka. Nani anaufikia kwanza? Hilo linafundishika hata kwenye udongo wa Kizota.

Piga mpira mrefu wa mita 40 kwa mshambuliaji na beki. Kiungo wako akae mita 8 hadi 10 nyuma yao, mwili umefunguka upande, mguu mmoja mbele, si kusimama mraba. Aanze kutembea mpira ukiwa bado hewani, akisoma paji la uso la anayeruka: likielekea chini mpira unadondoka karibu, likielekea juu unapita kichwani. Mguso wa kwanza autoe pembeni, kamwe si mbele, maana mbele ndiko wanakotoka wapinzani. Pasi ndani ya miguso miwili. Mipira sita, pumziko dakika moja na nusu, mara nne. Zaidi ya hapo miguu inachoka na wanaanza kukisia.

Kosa utakaloliona siku ya kwanza ni kwamba wote wanasogea karibu mno na mpira unawapita juu. Kiangazi uwanja wetu ni mgumu, mpira unadunda juu, kwa hiyo waongezee mita mbili nyuma. Mvua zikinyesha, kati ya Desemba na Aprili, usiahirishe mazoezi. Mpira ukinasa kwenye tope, hapo ndipo panafanana na League Two ya Januari. Wasogeze hadi mita 6 na waruhusu miguso mitatu.

Kocha_Kizota

Nimeandika yote. Kesho saa kumi na nusu tunaanza na ile mita 40, na hao wabishi wawili nawaweka timu moja.