Tupeane uzoefu: hela na kompyuta vikiingia, filamu inaharibikia wapi?

Kamera ya Uyole
Wadau wa Nyanda za Juu Kusini, kionjo cha filamu mpya ya huku kwetu kimeniuma. Ukungu wote wa Isongole umebandikwa kwa kompyuta. Isongole! Pale ukungu unavuka barabara bure. Kazi ya kwanza ya muongozaji huyohuyo ilikuwa ya kamera moja na ubao uliovikwa foili wa kurudisha mwanga, na watu waliirudia mara tatu. Kinachoharibika ni nini hasa?

Mnyalu wa Kihesa
Kamwene. Kinaanza mwanga. Ukungu wa kweli hutawanya mwanga, kivuli cha usoni kinalainika, na kitu kikiwa mbali rangi yake inafifia. Ukungu wa kubandika unapita juu ya picha iliyopigwa saa saba mchana, kivuli cha pua bado kimekaza. Hata asiyewahi kushika kamera anahisi kuna kitu hakikai sawa.

Mchele wa Kyela
Kweli tupu.

Binti Tukuyu
Kitambaa cha kijani, kile kinachofutwa na kompyuta ili iwekwe picha nyingine nyuma, nacho kimelemaza watu. Mwigizaji anasimamishwa nusu mita mbele yake, kijani kinamrukia mabegani, kisha edita analaumiwa. Mpe mita mbili au tatu. Kitambaa kipigwe pasi na kiwe na taa zake. Kama ni fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) iende 1/100 ya sekunde badala ya 1/50 ili kingo za mikono zikatike vizuri. Tena kamera nyingi za bei ndogo zinarekodi 4:2:0, yaani rangi inabaki robo ya pointi za picha, ndiyo maana nywele zinatoka na ngazi ngazi. Hapo hata kompyuta ya bei mbaya haikuokoi.

Fundi Mafiati
Mmenikumbusha muongozaji Peter Jackson. Kwenye The Lord of the Rings, mchawi Gandalf alionekana mkubwa kuliko hobiti, wale watu wafupi, mara nyingi kwa ujanja wa umbali: mmoja anakaa karibu na lenzi, mwingine nyuma, meza imekatwa vipande viwili, na kamera ikisogea kipande cha seti nacho kinasogea. Waigizaji wako chumba kimoja, wanasikiana pumzi.

Ikaja The Hobbit, 2012 hadi 2014. Kitabu kimoja chembamba kikawa filamu tatu, na zikapigwa kwa 3D. Kamera ya 3D ina lenzi mbili, inapima kina kama macho mawili, kwa hiyo ule ujanja wa umbali unaumbuka papo hapo. Wakagawa seti mbili: vibete 13 huku, Ian McKellen, ndiye Gandalf, kule kwenye chumba cha kijani peke yake, mbele yake picha za wenzake kwenye vyuma, taa ikiwaka kwa anayezungumza. Mzee yule alilia. Muigizaji wa jukwaani tangu ujana wake, analazimika kuzungumza na balbu! Nikiona watu huku wanaona fahari kupiga kila mwigizaji siku yake kisha wawaunganishe, nasikia uchungu.

Mchele wa Kyela
Alilia kabisa? Masikini mzee wa watu.

Renda wa Soweto
Msiisingizie kompyuta, wakuu. Kilichokosekana ni muda. The Lord of the Rings iliandaliwa tangu 1997, kamera ikawashwa Oktoba 1999. The Hobbit ilikuwa iongozwe na Guillermo del Toro, akajitoa 2010, Jackson akaanza kupiga Machi 2011. Mafanikio ndiyo yaliyobana: tarehe ya kutoka imeshauzwa, huwezi kusema subirini nifikiri.

Mnyalu wa Kihesa
Muda ulikosekana, sawa. Lakini Azog, yule adui mkuu kwenye The Hobbit, walishamvalisha mtu mwili wa mpira, baadaye wakamtoa wakaweka wa kompyuta. Ukijua kila kitu kitarekebishwa mbele ya safari, huamui kitu leo. Hiyo ni kompyuta, kaka.

Renda wa Soweto
Hiyo ni tabia. Mad Max: Fury Road ya 2015 imejaa kompyuta, ila magari ni ya kweli, yamekimbizwa jangwani Namibia. Kompyuta ilifuta kamba za usalama na kupaka anga. Itumieni kufuta nguzo ya umeme nyuma ya msonge.

Dada wa Njombe
Wote mnaongea vifaa. Mtu akishauza, nani anathubutu kumwambia onesho la tatu halina kazi? Someni skripti mezani mara tano na mtu asiyelipwa na nyie. Chai na chapati zinatosha.

Binti Tukuyu
Afadhali mashine ya moshi kuliko ukungu wa kompyuta.

Mnyalu wa Kihesa
Kwa uwanja wa wazi upepo unaubeba kabla hujasema "anza". Subirini ukungu wenyewe.

Kamera ya Uyole
Ndaga fijo. Anayeweza kunielekeza: kwenye ukungu wa kweli kamera inanipa picha ya kijivu, nyuso nyeusi.

Fundi Mafiati
Kipimo kinadanganywa na weupe. Weka mwenyewe kwa mkono, ongeza stopu moja (yaani mwanga mara mbili), kisha angalia uso. Na ukimaliza usiingie na kamera mahali penye jiko la mkaa ikiwa imepoa hivyo, lenzi italowa mpaka ndani. Iache kwenye begi lililofungwa kwa nusu saa kwanza.