Kibali cha maadili ya utafiti: nataka kuwahoji kina mama wa Deep Sea, Tanga

Kutoka: mwanafunzi wa uzamili, Uingereza

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo.

Tasnifu yangu inahusu mitaji ya kina mama wanaonunua samaki kwenye mnada wa Deep Sea, Tanga. Nategemea kwenda mwezi wa saba. Msimamizi kanikataza kumhoji mtu hata mmoja kabla kamati ya maadili ya chuo haijapitisha maombi yangu. Nyumbani naambiwa kibali ni cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), mwingine ananitajia NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Nianzie wapi? Na mimi Mtanzania, kweli nahitaji kibali kufanya utafiti kwetu?

Kutoka: dada yenu wa Scotland

Marahaba mdogo wangu.

Unahitaji cha chuo na cha COSTECH, na uanze sasa hivi. Kamati ya chuo inaangalia utawatendeaje watu. COSTECH ndiyo inayotoa kibali cha utafiti nchini. Uraia haukuondolei, maana unakwenda kwa jina la chuo cha nje. NIMR ni utafiti wa afya. Maswali ya mtaji na bei hayaendi huko, ila ukichomeka la presha au uzazi, jiandae kupita kwao. Na ukitaka kuvuka hadi Pemba, Zanzibar ina utaratibu wake.

Kibali cha COSTECH mkononi, safari bado. Unaripoti kwa Katibu Tawala wa Mkoa, unapewa barua ya wilaya, unashuka hadi kata na mtaa. Hapa naomba unisikilize vizuri. Mtendaji akikuongoza mwenyewe hadi sokoni na kutangaza, "Huyu katoka mkoani, mpeni ushirikiano", mama aliyekaa na beseni lake atasikia amri. Atakujibu kila swali, lakini hajaridhia. Kwa hiyo onesha barua, shukuru, kisha rudi siku nyingine peke yako. Dalali wa mnada naye ni vivyo hivyo: kama ndiye anayewapa samaki kwa mali kauli, wauze kwanza walipe baadaye, nani atathubutu kumkatalia mgeni wake? Kwenye fomu ya kamati kuna swali la namna utakavyowapata washiriki. Yaandike haya pale. Nimeona maombi yakirudishwa kwa sababu mtu kaandika tu "nitasaidiwa na viongozi wa soko".

La pili ni kuweka sahihi kwenye fomu ya ridhaa. Mama aliyewahi kusaini karatasi ya mkopo na baadaye akaja kuchukuliwa friji hataki kuona kalamu yako. Omba tangu mwanzo ridhaa ya mdomo: unamsomea maelezo, unamwachia nafasi ya kuuliza, anakubali au anakataa, na jibu lake linarekodiwa. Kamati nyingi hupokea hilo ukieleza sababu na kuambatanisha maneno utakayosoma. Kurekodi sauti kuombewe ruhusa yake peke yake. Yupo atakayekubali kuongea na kukataa kinasa.

Kumlipa muda wake si kosa, saa za mnada ni riziki. Kiwe kiasi kilekile kwa wote, cha wastani, na apewe hata akiamua kuondoka katikati. Ukisema anayemaliza ndiye anayelipwa, umemfunga.

Kutoka: msomaji wa Minnesota

Niongezee kwa wale wa Kenya. Huko unatafuta kwanza idhini ya kamati ya maadili iliyosajiliwa humo nchini, halafu ndiyo leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia ya huko. Idhini ya chuo cha ng'ambo pekee haitoshi. Ukifika kaunti, unaripoti kwa Kamishna na kwa Mkurugenzi wa Elimu.

Huku Marekani kamati ya maadili ya chuo ndiyo inayoitwa IRB. Wanafunzi wanaambiana kwamba mahojiano na watu wazima hayahitaji idhini. Kweli mengi husamehewa ukaguzi kamili, lakini anayeamua ni IRB, si wewe. Na hakuna idhini ya kurudi nyuma: ulichokusanya kabla hukitumii.

Kutoka: mwanafunzi wa uzamili

Nashukuru sana. Shangazi yangu mwenyewe anauza pale. Nimhoji au nimwache? Na rekodi nikizihifadhi kwenye simu kuna ubaya?

Kutoka: dada yenu wa Scotland

Shangazi mtaje kwenye fomu kabla hawajauliza. Mimi ningemwacha nje ya usaili kabisa: hawezi kukukatalia, nawe huwezi kuandika mapato yake bila ukoo kumjua. Asiwe pia ndiye anayekuitia wenzake. Akuelekeze tu saa ambazo soko limetulia.

Simu hapana. Picha na sauti zinajipakia zenyewe mtandaoni, na simu huibiwa. Tumia kinasa, hamishia kwenye hifadhi ya chuo jioni ileile, kisha ufute. Kubadilisha majina peke yake hakutoshi kwenye soko ambalo kila mtu anamjua mwenzake. "Mjane mwenye majiko mawili karibu na geti" ameshatajwa jina. Na uwaambie mwisho wa kujitoa ni lini, kwa tarehe, kabla hujachanganya majibu yao na ya wengine.

Nitumie rasimu ya maelezo ya washiriki. Kabla ya hapo, msomee kwa sauti mtu asiye wa chuo, uone anakukatiza wapi.