MJADALA: Usajili wa sororiti Marekani usogezwe hadi muhula wa pili?

Wanajamvi, salaam.

Nauleta mjadala huu mapema, maana ikifika Agosti wenye mabinti wanaoanza chuo huku Marekani wanakuwa wameshalipa, wameshanunua nguo, na hakuna la kujadili tena. Msimamo wangu nauweka wazi: vyuo vinavyosajili wanachama wa sororiti kabla hata kipindi cha kwanza cha darasa hakijafundishwa vinawakosea wasichana, na vinawakosea zaidi mabinti wa wahamiaji kama sisi. Vingoje muhula wa pili. Anayepinga anipinge kwa hoja, nitamsoma.

Kwa wasiozifahamu, sororiti ni vyama vya wanafunzi wa kike wa chuo, vile vinavyoitwa kwa herufi za Kigiriki. Vilianza karne ya 19, wakati wanawake vyuoni walikuwa wachache na vyama vya wanaume haviwataki. Kappa Alpha Theta, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1870 huko Indiana na wasichana wanne ambao chuo chao ndiyo kwanza kilikuwa kimeanza kupokea wanawake. Leo vyama 26 viko chini ya mwavuli wa National Panhellenic Conference, yaani NPC, uliosimama tangu 1902. Mwanachama hulipa ada, mara nyingi hula au hulala katika nyumba ya chama, huchangisha fedha za hisani, na akihitimu hubaki mwanachama maisha yake yote. Wapo waliopata kazi ya kwanza kwa njia hiyo, na wapo waliopata marafiki wa kuwazika wazazi wao. Sividharau vyama hivi. Ninachokipinga ni tarehe.

Chukueni University of Alabama, pale Tuscaloosa, ambako video za wasichana wakionyesha mavazi yao ya siku zilisambaa TikTok mwaka 2021 hadi dunia nzima ikatazama. Kila Agosti wasichana zaidi ya 2,000 hufika kabla ya masomo kuanza. Wanapita nyumba kwa nyumba kwenye joto la Kusini mwa Marekani, wanaongea na wenyeji dakika chache, wanatoka, wanaingia nyingine. Baada ya kila awamu msichana anapanga vyama kwa jinsi anavyovipenda, vyama navyo vinawapanga wasichana, kompyuta inalinganisha, na kesho yake anaambiwa ni nyumba zipi zimemwita tena. Orodha inazidi kupungua. Usiku wa mwisho anasaini makubaliano. Akishapata mwaliko wa chama alichokiorodhesha halafu akaukataa, hawezi kuingia chama kingine cha NPC chuoni hapo mpaka usajili mkuu wa mwaka unaofuata. Huyo ni mtoto wa miaka 18. Hajajua maktaba iko upande gani, hajamwona mhadhiri hata mmoja, na ameshasaini makubaliano yanayoweza kumletea bili ya miaka minne.

Maandalizi yenyewe huanza zamani, nyumbani, mwaka wa mwisho wa sekondari au kabla ya hapo. Binti anayejua mambo ana wasifu ulioandikwa vizuri, ana video fupi ya kujitambulisha, kurasa zake za mitandao zimeshapekuliwa na kusafishwa. Mama yake, aliyepitia hayo hayo, ameshawapigia simu wenzake wa zamani waandike barua za kumpendekeza. Amefundishwa mambo matano ya kutoyagusa katika mazungumzo: wavulana, pombe, dini, pesa na siasa. Anajua siku za mwanzo mtu huvaa nguo nyepesi za kawaida, na usiku wa mwisho gauni la heshima. Familia zenye uwezo humlipa mshauri amfundishe binti namna ya kuingia mlangoni, kusalimia, kuuliza swali na kuaga. Ndiyo, kuna watu riziki yao ni hiyo.

Sasa mweke kando yake binti aliyekulia Minneapolis au Columbus, mama yake anahudumia wazee zamu ya usiku, baba anaendesha lori. Alama anazo. Adabu anayo, na adabu hiyo hiyo ndiyo inayomponza: amelelewa asijisifu, asimkatize anayezungumza, amsubiri mwenyeji aanze. Pale ana dakika chache za kumweleza mtu asiyemjua kwa nini yeye aitwe tena, chumba kizima kikipiga kelele kama soko la samaki alfajiri. Jioni anapata orodha imepungua nusu na hajui kwa nini. Nyumbani hakuna wa kumuuliza, kwa sababu hata neno sororiti mama analisikia kwa mara ya kwanza.

Mtaniambia: basi tuwaandae nao. Sawa, tuwaandae. Binti aombe gharama zote kwa maandishi kabla ya kusaini chochote: ada ya muhula, chakula, ada ya kuanza, fulana, faini za kukosa vikao. Kwenye vyuo vikubwa vya Kusini jumla yake hufika maelfu ya dola kwa mwaka. Ajue pia kwamba Agosti si mlango pekee. Vyama ambavyo havijatimiza idadi yao huendelea kualika watu baadaye bila shamrashamra zile, na wengi wameingia hivyo. Hayo nawaambia mabinti wote wanaonijia. Lakini hata ukimwandaa mmoja mmoja, bado mpangilio unampa ushindi aliyezaliwa na mama anayejua.

Na msidhani tarehe hii iliwekwa na mtu aliyekaa akafikiri. Mwanauchumi Alvin Roth, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2012, aliandika pamoja na Susan Mongell mwaka 1991 makala ya kitaalamu kuhusu usajili wa sororiti kama mfano wa soko ambalo pande mbili zinachaguana. Historia wanayoieleza inasikitisha. Zamani vyama vilichukua wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Kila kimoja, kwa kuogopa kupitwa na jirani, kikaanza kuwahi: mwaka wa tatu, wa pili, wa kwanza, mpaka mwanafunzi anadakwa akiwa ndiyo kwanza anashusha begi. Agosti ni matokeo ya kuwahiana, na kisichokuwa na mpango wa busara tangu mwanzo kinaweza kupangwa upya.

Tuscaloosa hiyo hiyo inanipa ushahidi mwingine. Mwaka 2013, miaka 50 tangu gavana wa Alabama, George Wallace, asimame mlangoni mwa chuo hicho kuwazuia Vivian Malone na James Hood wasijiandikishe kwa sababu ni weusi, gazeti la wanafunzi, The Crimson White, lilifichua kwamba binti mweusi mwenye alama za juu alikuwa ameachwa na vyama vya wazungu. Wanachama wenyewe walieleza kwamba wahitimu wa zamani ndio waliozuia. Rais wa chuo, Judy Bonner, akaagiza milango ifunguliwe upya, na ndani ya wiki chache mabinti weusi wakapokea mialiko. Sisemi ni tarehe iliyofanya hivyo. Nchi nzima ilikuwa inatazama, na shinikizo lile ndilo lililosukuma. Lakini tazameni: mialiko hiyo ilitolewa Septemba, masomo yakiendelea, nje ya wiki ile ambayo wenye kauli wanakaa na orodha mezani na hakuna anayemjua msichana zaidi ya karatasi yake.

Wala siombi jambo geni. Vanderbilt na Northwestern wamezoea kusajili Januari. Dartmouth husubiri mwaka wa pili. Princeton mwaka 2012 iliwazuia kabisa wa mwaka wa kwanza kujiunga. Vyuo hivyo havikufa, na msichana anayesajiliwa Januari ana matokeo ya muhula mkononi, ana marafiki aliowachagua mwenyewe, na anajua kama bajeti yake inafika Mei.

Naomba kuwasilisha.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Georgia:

Shikamoo mama. Mimi ni mwanachama, wazazi wangu ni wa Tanga, na nitakupinga kwa heshima.

Nilifika chuo chenye watu karibu 40,000 simjui hata mmoja. Wiki ile ya Agosti nilichoka, nililia siku ya pili nyumba nilizozipenda ziliponiacha. Lakini Jumatatu masomo yalipoanza nilikuwa na watu wa kukaa nao mezani na dada mkubwa wa chama aliyenionyesha ni mhadhiri gani wa kemia wa kumkwepa. Mwezi wa tisa nikaugua, nikaletewa supu chumbani. Wenzangu wa bweni ambao hawakujiunga, wawili waliacha chuo kabla ya Krismasi. Ungeniambia nisubiri Januari, sijui kama Januari ingenikuta pale.

Halafu kuna jambo ambalo halionekani ukiwa mbali. Rafiki yangu yuko chuo kinachosajili muhula wa pili. Agosti mpaka Januari ni usaili usioisha! Akienda maktaba anajiuliza nani anamwona. Akialikwa sherehe anajiuliza kama ni mtego. Wanachama hawaruhusiwi kuwa karibu na wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo wanaojuana tangu sekondari wanasalimiana kwa macho. Na wale wenye mama wanaojua, mama, wanautumia muhula wote huo kujipendekeza vizuri zaidi yetu. Mimi nilichoka wiki moja, ikaisha.

Baba wa mabinti wawili, Dallas:

Nyote mnajadili saa ya kufungua mlango, mimi nauliza nyumba yenyewe ni ya nini. Kulipa maelfu ya dola ili uitwe dada? Kwetu dada unapata bure. Mwaka 2020 wanafunzi wa Vanderbilt wenyewe, wanachama, walijitoa kwa wingi wakitaka vyama vifutwe. Na mateso ya kupokea wanachama wapya yamekuwa makubwa kiasi kwamba Desemba 2024 imebidi itungwe sheria ya nchi nzima ya kuvilazimisha vyuo kutangaza matukio hayo. Wangu nimewaambia: chuo ni vitabu.

Dada wa Maryland:

Nawasalimu kutoka huku, mzaliwa wa Kisumu. Mleta mada umesema vizuri, ila umeeleza nusu ya jambo.

Kuna vyama vya weusi, vile tisa vya National Pan-Hellenic Council, baraza lililoundwa Howard University mwaka 1930. Vinne ni vya wanawake: Alpha Kappa Alpha, Delta Sigma Theta, Zeta Phi Beta na Sigma Gamma Rho. Huko hakuna Agosti wala kupita nyumba kwa nyumba. Unaangaliwa kwa alama zako za chuo na kazi uliyoifanyia jamii, na unatarajiwa ukae kimya kuhusu nia yako. Hujachelewa hata ukihitimu, kwa sababu matawi ya wahitimu hupokea pia. Mimi niliingia nikiwa nafanya kazi, na maandalizi yangu yalikuwa miaka ya kusimama kwenye kampeni za kuandikisha wapiga kura na kugawa vifaa vya shule.

Kwa hiyo nakuunga mkono kwamba kusubiri kunawezekana. Lakini usidhani kusubiri kunasafisha kila kitu. Baraza lilifuta mtindo wa zamani wa kuwapitisha wanachama wapya katika kipindi cha majaribio mwaka 1990, na bado kuna matawi yaliyoendelea nao kwa siri. Penye kimya kirefu pana nafasi ya mengi.

Mleta mada:

Ahsanteni. Dada wa Maryland, nashukuru, hilo lilistahili kusemwa na nimelipokea.

Ndugu wa Dallas, Harvard walijaribu njia yako mwaka 2016 kwa kuwawekea vikwazo wanachama wa vyama vinavyopokea wanaume pekee au wanawake pekee. Sororiti zikaenda mahakamani, na mwaka 2020 chuo kikarudi nyuma. Ukingoja vifutwe, mabinti zako watahitimu vikiwepo. Na wakitaka kuingia bila kukuambia, wataingia bila kuuliza bei, maana wa kumuuliza ndiye aliyewakataza.

Binti wa Georgia, marahaba. Hoja yako ya kuugua ugenini naiheshimu kuliko zote, na siwezi kuipa jibu jepesi. Ila nakuomba uniambie: je, aliyeachwa na nyumba zote siku ya tatu, naye aliletewa supu na nani? Upweke wa mwezi wa tisa chuo ndicho kilichopaswa kuushughulikia kwa kila mwanafunzi, bila ada wala mwaliko. Kuhusu muhula wa kujipendekeza, uko sahihi kwamba kanuni ya kuwakataza watu wasiongee inazaa unafiki. Hiyo iondolewe. Waongee, wanywe kahawa, wajuane kama watu wengine wanavyojuana.

Swali langu kwako, na ujibu kama ilivyokuwa: gharama zote ulizijua kabla ya kusaini au baada?

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Georgia:

Ada tulionyeshwa kabla, kwenye makadirio. Fulana, picha, zawadi za dada mdogo wa chama na nauli za safari za chama nilizijua baada. Muhula wa kwanza nilimwambia baba ni vitabu. Sasa nafanya kazi kwenye mkahawa wa chuo siku tatu kwa wiki, najilipia mwenyewe.

Wa kuachwa na nyumba zote namjua, tulikuwa kundi moja. Sikumpelekea supu. Lakini ningesaini tena, mama, na mwaka huu nimeomba niwe kwenye kamati ya usajili, ili bei yote iandikwe kwenye karatasi ya siku ya kwanza.