Fidla moja, sauti tano: ni muziki wa laivu au pleibeki?

Mleta mada:
Wakuu, jana tumebishana hadi usiku juu ya Andrew Bird, mwimbaji na mpiga fidla wa Chicago, Marekani. Wenzangu wanasema mtu akisimama peke yake jukwaani halafu zikasikika fidla tano, anatudanganya, sawa na msanii anayechezesha midomo juu ya CD. Nakataa kabisa.

Mtazameni. Anaipakata fidla kifuani kama gambusi, anadonoa nyuzi kwa vidole, kipande kifupi tu. Anakanyaga pedali, kifaa cha mguuni kinachonasa sauti na kuirudia. Alichokipiga sasa hivi, mbele ya macho yako, kinaanza kujirudia. Anaiweka fidla kidevuni, anavuta upinde juu yake, anakanyaga tena. Anaongeza mluzi, na mluzi wake ni ala kamili. Ndipo anaimba. Pedali aliyoitumia miaka mingi, Line 6 DL4, inabeba sekunde 14 tu za sauti. Akichelewa kukanyaga hata kidogo, kosa linarudi na kurudi mbele ya ukumbi mzima mpaka alifute. Pleibeki haina hatari hiyo.

Na si mtu wa njia ya mkato. Alishika fidla ana miaka 4, kwa njia ya Suzuki, ile ya mtoto kujifunza kwa sikio kwanza. Amesomea fidla Chuo Kikuu cha Northwestern, akahitimu 1996. Bendi yake ya Bowl of Fire ilipovunjika mwaka 2003, pedali ilimwezesha kuzunguka na kupiga bila kulipa kundi zima. Hata Owen Pallett wa Kanada, wa fidla na pedali vilevile, alitwaa Polaris, tuzo ya albamu bora ya Kanada, ilipotolewa mara ya kwanza, 2006.

Mchangiaji wa kwanza:
Kaka, mimi napiga fidla kwenye taarab hapa Unguja. Sisemi ni uongo, ila kuna kitu hakipo. Kwetu mwimbaji akimaliza ubeti, fidla zinamjibu. Akilivuta neno kwa sababu bibi mmoja kainuka kumtunza, sote tunamsubiri, mpaka wa dumbaki. Pedali haimsubiri mtu. Mwendo umeshafungwa, na mara nyingi wimbo unazunguka palepale. Halafu hilo kundi zima lisilolipwa, si ni wanamuziki wenzetu?

Mchangiaji wa pili:
Kwenye malipo namuunga mkono. Mwenye ukumbi akishaona mmoja anatosha, bendi ya watu kumi ataiita ya nini?

Mleta mada:
Kaka wa Unguja, hoja ya kusubiriana nimeipokea, sina cha kuipinga. Ya ajira bado. Bird hakubaki peke yake: alipiga na Martin Dosh, mpiga ngoma wa Minneapolis ambaye naye hutumia mashine hizohizo, wakashirikiana kwenye albamu ya Armchair Apocrypha, 2007. Na Hands of Glory ya 2012 ilirekodiwa na wanamuziki waliozunguka maikrofoni moja, kizamani kabisa. Pedali ilimvusha kipindi kigumu, akarudi kwa watu. Wewe ukipewa moja leo utaifanyia nini?

Mchangiaji wa kwanza:
Mazoezi. Usiku wenzangu wakishakwenda, nipige sauti ya kwanza, ijirudie, nami niitafute ya pili juu yake mpaka ikae. Jukwaani bado nawataka wenzangu.